Mwongofu Mmoja wa Livingstone

Babu yangu mzaa baba alitengwa na kanisa mwaka 1978. Alikuwa mwinjilisti wa mtaa katika kijiji kimoja cha mlimani, mtu wa miaka 40, mwenye mke na watoto watano. Mwanamke mmoja wa kwaya akapata mimba, na babu alipoulizwa hakukana. Jumapili moja majina yao yote mawili yalisomwa mbele ya usharika, wakawekwa nje ya meza ya Bwana. Yule mwanamke alihama kijiji kabla ya kujifungua. Babu alibaki. Baada ya mwaka na zaidi alitubu mbele ya watu, akapokelewa tena kundini, lakini kazi ya uinjilisti hakurudishiwa mpaka anakufa.

Utotoni sikuyajua haya. Nilichokijua ni mzee aliyekaa jioni chini ya mparachichi, na Biblia isiyo na jalada, akiwafundisha watoto wa kijiji kusoma. Nilijua kwamba mtu akiugua usiku, hata kabla ya kutafuta gari la kumpeleka hospitali, kuna aliyetumwa mbio kumwita babu aje kuomba. Waliomwita ni pamoja na watu waliokuwa wazee wa kanisa mwaka ule alipotengwa.

Alifariki mwaka 2016. Mimi nilikuwa kidato cha sita, na kwa kuwa ndiye mjukuu niliyesifiwa kwa kusoma vizuri, nilipewa wasifu wa marehemu niusome msibani. Karatasi ilisema alizaliwa, akabatizwa, akapata kipaimara, akaoa mwaka 1963. Kisha ikaruka mpaka 1985, aliponunua ng'ombe wa maziwa. Neno mwinjilisti halikuwemo. Neno kutengwa halikuwemo pia. Baadaye nilikuja kujua kwamba usiku wa kuamkia mazishi wazee wawili walibishana mpaka alfajiri: kama tukitaja uinjilisti, itabidi tutaje na lile jambo. Wakaamua kuacha vyote viwili. Nilisoma miaka 22 ya ukimya kwa sauti kubwa, watu wakasema nimesoma vizuri.

Sasa nasoma shahada ya uzamili katika historia, na tasnifu yangu inahusu wamisionari wa karne ya 19. Sikuchagua mada hiyo kwa ajili ya babu, au ndivyo nilivyomwambia msimamizi wangu. Lakini kila nilipofungua nyaraka za wamisionari nilijikuta natafuta mtu wa aina yake: aliyeanguka, akaandikwa kwamba ameanguka, kisha akaendelea kuzaa matunda ambayo hakuna aliyejua ayaweke wapi. Nilimpata mbali sana na kwetu, katika nchi inayoitwa leo Botswana. Jina lake ni Sechele.

Wengi wetu tunamfahamu David Livingstone kwa sababu mwili wake ulipita kwetu. Alikufa mwaka 1873 katika kijiji cha Chitambo, ndani ya Zambia ya leo. Chuma, Susi na wenzao wakauzika moyo wake chini ya mti, wakaukausha mwili, wakaubeba kwa miezi mingi hadi Bagamoyo, ambako ulifika Februari 1874. Ukienda Unguja, katika kanisa kuu la Kianglikana la Mkunazini, lililojengwa mahali palipokuwa na soko la watumwa, utaonyeshwa msalaba mdogo uliochongwa kwa mbao ya mti ule ule. Watalii huupiga picha. Nilipokwenda na wanafunzi wenzangu, mmoja aliuliza kwa dhati: huyu mmisionari aliwaongoa watu wangapi?

Jibu linalotolewa kwa kawaida ni mmoja. Na yule mmoja, anayesimulia huongeza kwa tabasamu, alirudi nyuma.

Sechele alizaliwa yapata mwaka 1812, mtoto wa mtawala wa Bakwena, watu ambao jina lao linatokana na mamba. Baba yake, Motswasele wa Pili, aliuawa na watu wake mwenyewe Sechele akiwa bado mtoto, na ukoo ukagawanyika. Akakulia ugenini. Alipopata nguvu za ujana alirudishwa madarakani kwa msaada wa Sebetwane, mtawala wa Makololo, na pia wa viongozi wadogo waliosimama naye wakati wa shida. Kama ilivyokuwa desturi, urafiki huo ulifungwa kwa ndoa. Sechele alikuwa na wake watano, na baadhi yao walikuwa mabinti wa watu hao hao waliomrudisha. Kwake ndoa zilikuwa ndizo nguzo za utawala.

Livingstone alifika kuishi naye katikati ya miaka ya 1840, kwanza Chonuane, kisha Kolobeng kuanzia 1847. Katika kitabu chake cha safari, kilichotoka mwaka 1857, anaeleza kwamba Sechele alijifunza alfabeti siku ya kwanza tu ya ujirani wao. Tangu hapo aliacha kuwinda, akakaa na kitabu mpaka akanenepa. Alimpenda sana Isaya, akimsifu kama msemaji anavyomsifu msemaji mwenzake. Na tangu mwanzo aliuliza swali ambalo wanafunzi wa teolojia bado wanalihangaikia: kama habari hizi za hukumu ni za kweli, na wazee wenu walizijua tangu zamani, mbona hawakuleta neno kwa wazee wetu, ambao wamekufa bila kujua?

Kuna kisa kingine ambacho Livingstone mwenyewe anakisimulia kwa kicheko. Sechele alipoona watu wake hawavutiwi na mahubiri, alimwambia mgeni wake kwamba anapoteza muda kwa kubembeleza. Yeye angeweza kuwaita viongozi wake na, kwa viboko vya ngozi ya kifaru, wote wangeamini kwa siku moja. Alishangaa kuambiwa haiwezekani. Zamani, alilalamika, chifu akipenda kuwinda watu wote huwinda, akipenda pombe wote hunywa. Sasa chifu amependa Neno la Mungu na hakuna anayemfuata.

Kwa zaidi ya miaka miwili alisali, akafundisha nyumbani kwake, akaongoza ibada ya familia. Livingstone, mtu asiyekuwa mwepesi wa sifa, alikiri kwamba sala zake zilikuwa nzuri, za mtu anayeimiliki lugha yake. Alipoomba ubatizo, Livingstone hakumwamuru kitu. Alimuuliza tu: wewe mwenye Biblia mkononi, unaona upaswe kufanya nini? Sechele alikwenda nyumbani, akawapa wanawake wanne nguo mpya na mali zao zote, akawarudisha kwa wazazi wao na ujumbe kwamba hawana kosa lolote, ila yeye anataka kufuata mapenzi ya Mungu.

Alibatizwa tarehe 1 Oktoba 1848. Watu wengi walikuja kutazama, baadhi kwa sababu walisikia uvumi kwamba wabatizwa hunyweshwa ubongo wa wafu, wakashangaa kuona ni maji tu. Wazee walilia waziwazi. Walikuwa wakimlilia chifu wao, ambaye waliamini amerogwa na mzungu. Na kama kuthibitisha hofu yao, ukame ulikuwa umeingia. Mto wa Kolobeng ulikauka. Sechele ndiye aliyekuwa mganga mkuu wa mvua wa watu wake, na sasa alikuwa ameiacha kazi hiyo. Wazee walimwendea Livingstone, wakamsihi amruhusu chifu alete japo manyunyu machache, kisha watakuja wote kanisani. Mawingu yalipita, yakanyesha kwa majirani.

Naomba msomaji akae kidogo katika hali hiyo kabla hatujaendelea. Mtu ameachana na wake wanne, amewakosea wakwe waliomweka madarakani, amekataa kuleta mvua watu wake wakifa njaa, na anaposali hakuna anayekuja isipokuwa jamaa wa nyumbani. Haya yote aliyafanya kwa hiari, kwa ajili ya imani aliyoisoma mwenyewe kitabuni.

Mwaka 1849, miezi michache tu baada ya ubatizo, Livingstone aligundua kwamba Mokgokong, mmoja wa wale wanawake wanne, ana mimba ya Sechele.

Sechele alikiri. Alimsihi Livingstone asimkatie tamaa kwa ajili ya jambo hili, akasema yeye hatamwacha Yesu kamwe. Livingstone aliumia sana na akamzuia asishiriki meza ya Bwana. Baada ya muda mfupi, Juni 1849, akaanza safari ya kwenda kaskazini kulitafuta Ziwa Ngami. Moyo wake ulikuwa umeshahama. Kufikia 1852 alikuwa ameiaga Kolobeng, na hakuishi tena mahali pamoja kama mmisionari mwenye kanisa na shule. Sura hiyo ilifungwa katika historia iliyoandikwa London: mwongofu mmoja, akaanguka.

Nilipofika hapo katika usomaji wangu nilifunga kitabu na kukaa kimya. Niliwaona wale wazee wawili waliobishana usiku wa msiba, tofauti ni kwamba hapa walioamua kuruka miaka walikuwa waandishi wa vitabu.

Maana miaka iliyorukwa ndiyo yenye habari. Agosti 1852 Makaburu wa Transvaal waliwashambulia Bakwena huko Dimawe, wakaua, wakateka wanawake na watoto, wakaipora hata nyumba ya Livingstone kule Kolobeng. Sechele alisafiri kuelekea Cape akitaka kwenda kumlalamikia Malkia Victoria. Fedha zikamwishia njiani, akarudi. Aliporudi, watu wa makabila mengine waliokuwa wakiwakimbia Makaburu walijikusanya kwake, na mji wake ukakua. Hakukuwa na mmisionari hata mmoja. Basi Sechele, aliyezuiwa meza ya Bwana, akafanya kazi hiyo mwenyewe. Alifundisha kusoma, akahubiri, akaongoza sala. Livingstone alizisikia habari hizo akiwa mbali, na katika kitabu chake cha 1857 akaandika kwamba chifu amejifanya mmisionari wa watu wake.

Mwaka huo huo wa 1857 Sechele alipata wamisionari wa Kijerumani wa Hermannsburg, tena kupitia kwa Makaburu wale wale waliomchomea mji. Mwaka 1866 wakaja wa Shirika la London, huko Molepolole alikohamia. Wageni hawa walikuta watu wanaojua kusoma na wanaozijua sala. Walimkuta pia chifu aliyewatia wazimu: aliyeijua Biblia kuliko wengi wao, aliyeweza kuhubiri mahubiri ya kuliza watu, na ambaye alikuwa amerudia kuoa na kuleta mvua. Hakuona sababu ya kuchagua moja. Alitawala hadi kifo chake mwaka 1892. Mwanahistoria Neil Parsons ametoa hoja kwamba mtu huyu alifanya kazi kubwa ya kueneza Ukristo kusini mwa Afrika kuliko karibu kila mmisionari wa Ulaya wa karne ile. Mtu anaweza kubishana na kipimo hicho, lakini hawezi tena kusema kwamba Livingstone alipata mwongofu mmoja na habari ikaishia hapo.

Na vipi kuhusu Livingstone, aliyemzuia mwenzake meza ya Bwana? Mwaka 1852 alimpeleka mkewe Mary na watoto wanne Uingereza ili yeye awe huru kusafiri. Mary aliishi huko kwa dhiki, akihama nyumba hadi nyumba, akitafuta faraja katika pombe. Alipomfuata tena mumewe Afrika alifia Shupanga, kando ya Zambezi, mwaka 1862. Kwa kuwa Livingstone alikuwa ameisifu nchi ya Makololo kama mahali pa misheni, Shirika la London lilituma huko familia mbili, za Holloway Helmore na Roger Price. Walifika Linyanti mwaka 1860. Katika muda wa miezi michache Helmore alikufa, mkewe akafa, watoto wao wawili wakafa, kitoto cha Price kikafa, na mke wa Price akafia njiani wakirudi. Livingstone alipopata habari hakujilaumu. Aliwalaumu wao.

Huyo Roger Price, aliyezika mke na mtoto kwa sababu ya maneno ya Livingstone, ndiye aliyekwenda Molepolole mwaka 1866 kufanya kazi na Sechele. Alikuwa ameoa tena, safari hii dada yake Mary Livingstone. Na mwaka 1876 alitumwa pwani yetu, akajaribu njia ya magari ya ng'ombe kutoka Saadani hadi Mpwapwa, ili Shirika la London liweze kufika Ujiji. Nilipoliona jina la Saadani katika habari za mtu huyu nilihisi kama nimekutana na jirani ugenini. Nilikuwa nikidhani misheni za kwetu na za kusini ni hadithi mbili. Walikuwa watu wale wale, na makovu yao walikuja nayo.

Kisha kuna Nyangwe, ukingoni mwa mto Lualaba, katika Kongo ya leo. Tarehe 15 Julai 1871 watu wenye bunduki, wa misafara ya biashara iliyotoka pwani, waliwafyatulia risasi wanawake sokoni. Livingstone alikuwepo. Wafanyabiashara wenyewe walikadiria waliokufa ni kati ya 330 na 400. Habari hiyo ilipofika Uingereza iliamsha hasira, na ikawa mojawapo ya shinikizo zilizomfikisha Sultani Barghash kutia saini mkataba wa tarehe 5 Juni 1873, uliolifunga soko la watumwa la Unguja. Utumwa wenyewe haukuisha siku hiyo, lakini soko lile lilikufa. Livingstone alikuwa amekufa wiki chache kabla, bila kujua.

Ukisimulia hivyo tu, ni shujaa. Lakini alifika Nyangwe akiishi kwa hisani ya wafanyabiashara hao hao wa watumwa, akila chakula chao, akisafiri katika misafara yao. Na shajara yake ya mwaka huo, aliyoiandika kwa wino wa matunda ya porini juu ya magazeti ya zamani kwa kuwa karatasi zilimwishia, ilifufuliwa kwa upigaji picha wa kisasa na kutolewa hadharani mwaka 2011. Haifanani kabisa na toleo lililochapishwa baada ya kifo chake. Watafiti walioisoma wameuliza kama baadhi ya watu wa msafara wake mwenyewe walikuwa na mkono katika vurugu za Nyangwe, na kama maandishi yalisafishwa ili jambo hilo lisionekane. Wasifu wa marehemu, tena. Miaka iliyorukwa, tena.

Kanisa la Afrika limewahi kugombana juu ya jambo hili zamani sana, kabla Ulaya haijatuma mmisionari yeyote kwetu. Katika mateso yaliyoanza mwaka 303 chini ya Kaisari Diokletiano, baadhi ya viongozi wa kanisa la Afrika Kaskazini waliyasalimisha maandiko matakatifu kwa askari ili wapone. Mateso yalipokwisha, Wakristo wengi, walioitwa baadaye Wadonato, walikataa kuwatambua viongozi hao na wote waliowekewa mikono nao. Mkono uliomsaliti Kristo, walisema, hauwezi kutoa kilicho cha Kristo. Mabishano yaliendelea kwa zaidi ya karne moja, mpaka mkutano mkubwa wa Karthago mwaka 411. Upande wa pili alisimama Augustino, askofu wa Hippo. Hoja yake ilikuwa kwamba ubatizo ni wa Kristo hata kama mbatizaji ni mwovu, kwa hiyo usalama wa mwamini hautegemei usafi wa padri.

Nilivutiwa na hoja hiyo mara ya kwanza nilipoisoma. Nilidhani nimempatia babu wakili. Nikataka kuandika tasnifu nzima kuthibitisha kwamba Sechele alionewa, kwamba babu alionewa, kwamba neema ya Mungu ilipita kwao kama maji yanavyopita hata katika bomba lenye kutu. Hata mahubiri yetu yamezoea kusema hivyo: Mungu hutumia vyombo vilivyovunjika. Watu huitikia amina.

Kisha nikamsoma Augustino zaidi. Kabla ya kuongoka kwake aliishi kwa miaka mingi na mwanamke aliyemzalia mtoto, Adeodato. Alipopangiwa ndoa ya heshima huko Milano, mwanamke yule alirudishwa Afrika, na mtoto akabaki na baba. Augustino, aliyeandika juu ya nafsi yake kwa kina kuliko mtu yeyote wa zama zake, hakuliandika jina la mwanamke huyo popote. Na ni Augustino huyu huyu aliyekuja kukubali dola itumie nguvu kuwarudisha Wadonato kanisani.

Hapo hoja yangu ilianza kuniuma mwenyewe. Niliwahesabu. Mwanamke wa Augustino, asiye na jina. Wanawake wanne wa Sechele, waliorudishwa kwao na nguo mpya na tamko kwamba hawana kosa, yaani waliadhibiwa huku ikitangazwa kwamba hawana hatia. Mokgokong, ambaye jina lake tunalo kwa sababu tu alipata mimba, na ambaye hakuna aliyemuuliza chochote kikaandikwa. Mary Livingstone. Wanawake wa soko la Nyangwe. Na yule mwanakwaya wa kijijini kwetu, aliyehama kabla ya kujifungua. Tunaposema Mungu hutumia vyombo vilivyovunjika, mara nyingi tunamfikiria mwenye chombo. Aliyekatwa na vigae hatumwulizi.

Simaanishi kwamba neema ni uongo. Ningekuwa mtu wa ajabu kusema hivyo, mimi niliyejifunza kusoma chini ya mparachichi ule. Nimeona watoto wa watu waliomhukumu babu wakisimama kusema kwamba yeye ndiye aliyewaombea wakapona hofu ya kufa. Bakwena walisali kwa maneno waliyofundishwa na mtu aliyezuiwa meza ya Bwana. Soko la Unguja lilifungwa, kwa sehemu, kutokana na barua za mtu aliyeishi kwa hisani ya wauza watumwa. Mambo hayo yalitokea. Mwanahistoria akiyaruka kwa sababu waliohusika hawakuwa safi, anadanganya sawa na yule anayeruka mimba ya 1978.

Nilichojifunza ni kwamba mambo hayo mawili hayafutani. Wema uliopita kwa Sechele hauwalipi wanawake wanne, na machozi yao hayabatilishi sala aliyowafundisha watu wake. Imani ya Kikristo, nijuavyo mimi niliyelelewa humo, haijawahi kudai kwamba neema huja kwa sababu dhambi ilikuwa ndogo. Inadai kwamba huja hata ilipokuwa kubwa. Ukipunguza dhambi ili neema ionekane ya heshima, umeipunguza neema pia. Wale wazee wawili walidhani wanamstahi marehemu. Kwa kuficha kutengwa kwake walilazimika kuficha na uinjilisti wake, na kijiji kikazika mkulima mwenye ng'ombe wa maziwa.

Mwezi wa nne mwaka huu nilipanda basi kwenda kumtembelea shangazi. Ndiye mtoto yule. Anaishi mji mwingine, ana duka la vitambaa, na ni mzee wa kanisa katika usharika wake. Msibani mwaka 2016 alikuja, akakaa nyuma kabisa, akaondoka kabla ya chakula. Sikuwahi kuongea naye zaidi ya salamu.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Umekonda. Huko chuoni hamli?"

Tulikunywa chai. Nilimweleza kuhusu Sechele, kuhusu Mokgokong, kuhusu wasifu niliousoma. Alisikiliza huku akikunja vitambaa. Kisha akaenda chumbani, akarudi na bahasha ya kaki yenye barua. Zilikuwa za babu, kwa mwandiko ule ule aliotuandikia sisi herufi za kuiga. Kila mwezi, kwa miaka, alikuwa amemtumia fungu moja la kusoma katika Biblia, maswali matatu ya kujibu, na fedha kidogo ya shule. Shangazi alijifunza maandiko kwa barua hizo. Ndizo zilizomfanya kuwa mzee wa kanisa, alisema.

"Alikuja kukuona?" nikauliza.

"Hata siku moja." Alizirudisha barua kwenye bahasha, moja moja, kwa utaratibu wake. "Mama alingoja. Mimi niliacha kungoja nilipofika darasa la saba."

Nilimwambia nataka kuandika habari za babu, lakini sitaki kuandika jambo ambalo yeye hataki liandikwe.

"Andika," alisema. "Andika alikuwa mwinjilisti, maana alikuwa. Mimi ni shahidi. Na mimi nilimsamehe siku nyingi. Ila usiandike kana kwamba haikutuuma."

Kisha akanipimia kitambaa cha shati, akakataa fedha, akanisindikiza hadi stendi.